Chumba cha chini kwenye nyumba ya mawe: ukuta kwanza, taa baadae

Hapa mjini hatuna mazoea ya kuchimba vyumba chini ya ardhi, bahari iko hapo hapo na ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Lakini kila nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inacho kile chumba cha chini, cha nyuma ya ukumbi, kirefu chembamba, dirisha moja dogo linatazama kichochoro, ukifungua mlango harufu ya koga inakupokea kabla hujaona kitu. Humo ndimo wanamotiwa magunia, mitungi ya gesi, vitanda vilivyokatika miguu, madebe, masufuria ya shughuli. Watu wanaishi ghorofani umri wao wote, chumba cha chini wanakiingia siku ya arusi tu wakitafuta masinia. Mimi naona ni khasara kubwa sana, maana mji wenyewe hauna nafasi, watoto wanabanana, vijana wanakodi vyumba mbali huko, na hapa chini pana chumba kizima cha mawe, chenye baridi yake nzuri, kimefungwa kufuli.

Kwetu kimefunguliwa kwa sababu ya dada yangu. Anasomesha tuisheni watoto wa mtaani, wale wa darasa la tano na la sita, na walikuwa wanakaa barazani, jua linawapiga na vespa zinapita miguuni mwao. Ikaamuliwa chumba cha chini kitolewe vitu kiwe cha watoto. Nimeandika haya kwa sababu watu kadhaa wameshakuja kutazama na wote wanauliza swali moja, hizi taa mmezinunua wapi. Taa ni za kawaida kabisa jamani, zipo Darajani maduka chungu nzima. Kilichobadilisha chumba ni ukuta.

Kwanza nikwambieni kilivyokuwa. Nusu ya chini ya ukuta ilipakwa rangi ya mafuta ya kijani kilichoiva, nusu ya juu krimu iliyokwishageuka rangi ya chai, na katikati mstari wa kahawia, mtindo ule ule wa skuli na hospitali za zamani. Dirisha limepigwa plaiwudi nusu. Juu katikati ya dari taa moja ya mche, ile ndefu ya bomba, inavuma, inatoa mwanga mweupe wa kibuluu ambao unakuumiza macho ukiitazama, na ukigeuka kwenye pembe huoni kitu. Chini usawa wa goti rangi imefanya mapovu, ukigusa inabanduka magamba magamba na nyuma yake unga mweupe unamwagika. Fundi mmoja aliyekuja mwanzo alituambia jambo rahisi, tuikwangue ile iliyobanduka, tupige puti, tupake rangi nyeupe ya maji ya dukani mikono miwili, yaani mara mbili, tufunge taa sita za duara darini, wiki moja kazi imekwisha. Na ndivyo wengi wanavyofanya, na chumba kinapendeza kweli, mpaka masika yanapokuja.

Mimi nasema hivi, na hili ndilo nnalotaka lifike: kwenye nyumba ya mawe mwanga ni kazi ya ukuta. Mwanga unaouona ndani ya chumba mwingi wake hautoki kwenye balbu ukaja machoni kwako moja kwa moja, umegonga ukuta, umegonga dari, ndio ukarudi ukakufikia. Ukuta wa chokaa nyeupe safi unarudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoupata, na kile kijani kilichoiva hakirudishi hata asilimia 20, mwengine wote kinaumeza. Kwa hivyo unaweza kuongeza taa juu ya taa na ukuta ukazila zote. Lakini ukuta mweupe hauwi mweupe kwa kupaka tu, khasa huku chini, lazima kwanza uwe ukuta unaoweza kukauka.

Hizi nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yameshikwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu, ukuta unafika unene wa nusu mita na zaidi. Hazina ile karatasi ya nailoni inayotiwa kwenye msingi wa nyumba za siku hizi kuzuia maji yasipande. Maji yanapanda kutoka ardhini, taratibu, yanapita ndani ya jiwe, na mji huu ulikuwa karibu kisiwa, upande wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa wakati wa Waingereza. Wazee waliojenga walilijua hilo vizuri. Ukuta wao wa jiwe na lipu ya chokaa unavuta maji na unayatoa, upepo unapita, ukuta unakauka, mwaka unazunguka. Tatizo lilikuja na saruji. Saruji ikipigwa juu ya jiwe la matumbawe inaziba, na rangi ya mafuta juu yake inaziba zaidi, maji yanakosa pa kutokea pale chini kwa hivyo yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na kila yanapofika yanabeba chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda ndani ya lipu, inavimba, inaisukuma rangi kutoka ndani. Ndio yale mapovu. Hakuna rangi ya dukani itakayoshinda hapo, iwe ya bei gani, kwa sababu inasukumwa kutoka nyuma.

Tukampata mzee mmoja fundi wa chokaa, wa hapa hapa mjini, mtu wa makamo ya babu yetu lakini ngazi anapanda peke yake. Nilimkuta na shikamoo yangu, akaitikia marahaba, hakutazama taa wala dirisha, akachukua tindo akawa anagonga ukuta kwa mpini wake huku ameweka sikio. Ko, ko, ko, halafu pahala sauti inakuwa tupu. "Hapa saruji ishaachana na jiwe mwanangu," akasema, "yenyewe inataka kutoka." Na kweli alipoingiza tindo kipande kikubwa kikaanguka kizima, rangi ya kijani na saruji pamoja, nyuma yake jiwe limelowa na chumvi imeota unga unga juu yake. Akaigusa kwa kidole akaitia ulimini. Akatema. "Bado inatoka. Mkipaka sasa hivi mnatupa pesa. Bandueni yote mpaka usawa wa kifua, mfungue madirisha, mniite baada ya kipupwe."

Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, kusubiri. Sisi tulianza kubandua masika yalipoondoka, upepo wa kusi ukaanza kuvuma, mlango wa ukumbini na dirisha la kichochoroni vikawa wazi kutwa. Kila chumvi ilipoota juu ya jiwe tuliipiga brashi kavu, tukaifagia tukaitoa nje kabisa. Usiioshe kwa maji, ukiiosha inayeyuka inarudi ndani ya jiwe na kesho iko pale pale. Mwanzo inatoka nyingi, halafu kidogo, halafu ukipitisha mkono hupati kitu. Na jambo jengine kuhusu kubandua, rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake, ile madini ya sumu, kwa hivyo usizipige msasa kavu ukajaza chumba vumbi, khasa kama nyumba ina watoto au mja mzito. Lowesha kidogo, kwangua, weka turubali chini, vaa barakoa, vipande vikusanye kwenye mfuko uvitupe, usiviache vikazagaa uwani kuku wakavidonoa.

Baada ya hapo ndio lipu ya chokaa. Kipimo alichotumia mzee ni karai moja ya chokaa kwa makarai matatu ya mchanga, na mchanga si wa pwani, ule una chumvi yake na utakuwa unairudisha chumvi uliyoitoa kwa tabu. Alipiga tabaka nyembamba, la kwanza likakaa siku kadhaa, halafu la pili. Chokaa haikauki kwa haraka haraka za saruji, yenyewe inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya kaboni iliyomo hewani inageuka jiwe tena, na ikikaushwa na jua kali au upepo mkali inapasuka. Alitwambia tutundike magunia mabichi dirishani na mlangoni mchana, na asubuhi na jioni tunyunyize maji ukutani kwa mkono. Watoto wa nyumba walifurahia hiyo kazi ya kunyunyiza kuliko kazi zote.

Sasa chokaa ya kupaka. Hii nataka niieleze vizuri maana vijana wengi hawaijui tena, wanadhani chokaa ni rangi ya maskini. Chokaa yetu inachomwa kwa mawe ya matumbawe kwenye tanuu ya magogo, mawe yakishaungua yanatiwa maji yanachemka na kupasuka yanakuwa unga. Mzee aliiloweka kwenye pipa, maji yamesimama juu yake, ikakaa wiki kwa wiki, anasema ikilowekwa zaidi ndio inavyozidi kulainika na kushika. Kama unapata chokaa bado mawe mawe haijazimwa, tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya chokaa, inachemka inaruka. Vaa miwani na glavu. Chokaa inaunguza, ikikuingia jichoni osha kwa maji mengi kwa muda mrefu na uende hospitali hapo hapo, usingoje kesho. Fundi wetu anajipaka mafuta ya nazi mikononi mpaka kwenye viwiko kabla hajaanza.

Siku ya kupaka aliichuja kwa kipande cha chandarua, akaizimua mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Mimi niliona nyepesi mno, nikamwambia mzee haitoshika hii, akaniambia ngoja. Akalowesha ukuta kwanza, halafu akapaka kwa brashi pana, mara kwenda juu, mara kwenda ubavuni, na nilivyokuwa nimesimama pale naona jiwe na lipu vyote kama havijapakwa kitu, maji maji tu yanang'ara. Nikenda ghorofani kunywa chai. Niliporudi ukuta unageuka, pale pa mwanzo alipopaka pamekuwa peupe, palipo pabichi bado pana kijivu, na mpaka wa weupe unatembea polepole kufuata alikopita brashi. Nilikaa chini nikatazama mpaka upande mzima ukawa mweupe. Mikono minne mitano nyembamba, kila mmoja unapewa siku yake kukauka, na kila mkono weupe unazidi kina. Ukipaka mzito ili umalize haraka inapasuka na inakutoka unga kwenye nguo.

Kwenye mkono wa mwisho alitia buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe, kidogo sana, ameifunga kwenye kitambaa akaitikisa ndani ya ndoo. Huioni kama ni buluu, lakini inaondoa ile umanjano wa chokaa na chumba kinaonekana kipya. Wengine hutia chumvi kwenye chokaa ili ishike, sisi hatukutia kwa sababu zishajulikana, chumvi tunayo ya kutosha. Na faida moja ya chokaa ambayo rangi za dukani hazina ni kwamba koga haipendi kuota juu yake, chokaa ni kali, wadudu na ukungu wanaikimbia. Ile harufu iliyokuwa inakupokea mlangoni imeondoka, na hilo mimi limenifurahisha kuliko hata weupe.

Dari tuliipaka pia baina ya boriti. Boriti zenyewe tumeziacha mti wake, zimesuguliwa kwa brashi, zikatazamwa mchwa, moja ilikuwa imeliwa kichwani ikawekewa nguzo ya kuisaidia. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya hizo boriti za mikoko, mti wenyewe hauendi zaidi ya mita tatu hivi, na zamani nilikuwa naona ni kasoro. Kwa mambo ya mwanga ni neema. Kuta mbili zilizo karibu karibu zinarushiana mwanga, huu unampa mwenzake, wala huhitaji taa kubwa.

Halafu dirisha. Tulitoa plaiwudi, tukasafisha nondo, na zile kingo za dirisha, unene wote ule wa ukuta kuanzia nondo mpaka ndani, tukazipaka chokaa nyeupe kabisa. Kingo za ukuta wa nusu mita ni eneo kubwa, mwanga unaingia unagonga hapo kwanza ndio unaingia chumbani. Jambo dogo na karibu bure. Lakini kichochoro chenyewe ni chembamba, mkono mmoja hapa mkono mmoja kule unagusa nyumba zote mbili, na ukuta wa mbele wa jirani ulikuwa umefanya weusi wa mvua za miaka. Kwa hivyo dirisha letu lilikuwa linatazama weusi. Mama akaniambia nenda kwa bibi wa nyumba ya pili ukamuombe.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Naskia mnavunja."
"Hatuvunji bibi, tunabandua. Tunakuomba ruhusa tukupakie chokaa huo ukuta wako wa kichochoroni, kila kitu juu yetu."
"Kwani umefanya nini?"
"Mweusi bibi, unatutia giza dirishani."
Akacheka. "Basi pakeni. Na huku kwenye mlango wangu mnimalizie, msije mkaniachia nusu."

Kabla ya kupaka tulikwenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kuuliza, na nawashauri na nyinyi mwende. Mamlaka ipo tangu 1985 na mji umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hivyo mambo ya nje ya nyumba, kuta, madirisha, milango, hayafanywi kwa kujiamulia. Kupaka chokaa ukuta uliokuwa wa chokaa ni jambo jepesi, lakini bora uulize kuliko kuja kusimamishwa katikati ya kazi. Na nasema kwa nia safi, kama kuna mtu anataka kutoboa dirisha jipya au kupanua la zamani ili apate mwanga, asifanye, kwanza haruhusiwi kujiamulia, na pili jiwe lile halina chuma ndani yake, ukilitoboa hovyo unaichezea nyumba nzima. Ukuta mmoja wa jirani kupakwa umetupa mwanga mwingi kuliko dirisha la pili.

Sasa taa, maana najua ndizo mnazozisubiri. Wengi wenu mnakumbuka umeme ulipokatika kisiwa kizima 2008, waya wa baharini unaotoka bara, mwezi mzima hatuna taa, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakati ule bibi yetu hakuwa anaweka kandili mezani. Alikuwa anaitia kwenye kidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndani yake pamepakwa chokaa, moto mdogo tu wa utambi lakini kidaka chote kinawaka na sote tunaona kula. Mezani kandili inakupiga machoni na nyuma yako giza. Tulipokuwa tunafikiria taa za chumba hiki nikamwambia fundi umeme, hatutaki taa hata moja katikati ya dari, zote zitazame ukuta.

Akafunga hivi. Kila kidaka kina balbu yake ndogo iliyofichwa nyuma ya kibao kifupi, huioni, unaona kidaka kinawaka tu. Juu ya kuta mbili ndefu, chini kidogo ya boriti, kuna taa za ukutani zinazorusha mwanga juu na chini, unapanda unagonga dari nyeupe na unashuka unaosha ukuta. Ukisimama katikati ya chumba hakuna kinachokuchoma macho na hakuna kivuli cha mkono wako kwenye daftari, na hilo kwa watoto wanaoandika ni jambo kubwa sana.

Hesabu yake si ngumu. Usitazame wati, ambayo ni umeme unaoliwa, tazama lumeni, kipimo cha mwanga wenyewe unaotoka, imeandikwa kwenye boksi. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa kama lumeni 800, sawa na ile balbu ya moto ya zamani ya wati 60. Chumba cha kusomea kinataka kama lumeni 300 kwa kila mita moja ya mraba juu ya meza, na chumba chetu ni kama mita tatu kwa saba, yaani mita za mraba 21, kwa hivyo lumeni 6,300 ndio mwanzo. Lakini mwanga unaopitia ukutani mwengine unapotea njiani, ndio tukafunga balbu 12, zinafika lumeni 9,600. Watu wakisikia balbu 12 wanashituka na yuniti za Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla. Zote pamoja ni wati 108, hazifiki zile balbu mbili za zamani. Zikiwaka muda wa masaa matatu jioni hazimalizi hata theluthi moja ya yuniti. Na tumezigawa swichi mbili, mchana unawasha upande wa ndani tu.

Rangi ya mwanga nayo ni muhimu na watu hawaitazami. Kwenye boksi kuna namba ina K mbele yake. 6500 ni ule mweupe wa kibuluu, ndio uliojaa madukani na ndio watu wanadhani ni mkali zaidi, lakini juu ya chokaa unafanya ukuta uonekane wa baridi kama wa mochwari na mbao za boriti zinageuka kijivu. 2700 na 3000 ni wa njano njano, mzuri kwa kupumzika. Sisi tumetia 4000 kwenye kuta kwa ajili ya kusoma, na 3000 kwenye vidaka. Kama chumba chako unataka kushonea au kuuzia kanga, tafuta na namba nyengine, Ra au CRI, inayoonyesha taa inaonyesha rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani, iwe 90 na zaidi, ukiwa chini ya hapo nyekundu na zambarau zitakudanganya, mteja atatoka nje ataona rangi nyengine.

Kwenye waya msifanye ubahili. Chumba cha chini kina unyevu, na nyaya za hizi nyumba nyengine zimetangulia kuzaliwa kwetu. Fundi awe na leseni, eathi, ule waya unaokwenda ardhini, iwepo kweli isiwe ya jina, na mfungiwe ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, ndiyo inayookoa mtu. Soketi zetu tumezipandisha usawa wa kiuno, na nyaya zinapita nje ya ukuta kwenye mabomba yaliyopakwa chokaa hiyo hiyo, hatukuchimba jiwe. Ukikaa mbali kidogo huyaoni.

Sakafu hatukuigusa. Ni ile saruji nyekundu ya zamani, ilisuguliwa ikang'ara yenyewe, juu yake mikeka ya ukindu, rangi yake ya kufifia nayo inarudisha mwanga kidogo. Makabati hayakugandishwa ukutani, yameachwa nafasi ya kupita mkono ili upepo uzunguke nyuma. Hili namsisitiza dada kila siku kwa sababu ndio kwanza chumba kipate nafasi watu wanataka kukijaza tena, jana nimekuta mtungi wa gesi umerudi mlangoni.

Watoto wameanza kuingia. Wa mwanzo walikuwa wanafuta mikono ukutani kuona kama inatoka, na siku za mwanzo chokaa mpya inatoka kidogo ukiisugua, halafu inashika. Sehemu ya chini wanapoegemea migongo tumetundika majamvi badala ya kupaka rangi ya mafuta, maana kupaka mafuta pale ndio kurudi tulikotoka.

Chokaa inataka kurudiwa, mkono mmoja kila mwaka au miaka miwili, na wazee walikuwa wanafanya hivyo kabla ya Ramadhani nyumba nzima. Kazi ya asubuhi moja, brashi na ndoo. Pipa letu bado lina chokaa nusu imelowa chini ya maji, mzee kasema isimwagwe, na akipata nafasi anarudi kututazamia ngazi ya kupandia ghorofani, ambayo ina kijani kile kile mpaka juu.